Lango Jekundu la Verda Koehn

Verda Koehn hakuingia uwanjani kwangu kuomba ushauri. Aliingia na mpini wa ufagio wenye alama mbili za wino, akaulaza juu ya bodi ya pikapu yake ya kijivu, akaniambia, "Orlin, hapa ndipo pini ya trela inaposhika. Na hapa ndipo pua ya trela inapofika. Nionyeshe kifuniko cha bodi kisichogusa huku wala kule. Vingine usinisumbue navyo."

Mimi nauza vifaa vya pikapu, vipya na vilivyotumika, kando ya barabara kuu, mkabala na maghala ya ngano ya ushirika. Nilianza na lango moja la nyuma nililolifungua kwenye gari lililopinduka mtaroni. Leo nina uwanja mzima wa vyuma. Mteja ninayempenda ni yule anayesema, "Hebu nichagulie wewe." Verda hakuwa mteja wa namna hiyo.

Nilijua kilichomleta. Hapa kwetu Kansas kila mtu alikijua.

Kila mwezi wa Mei akina Koehn hupakia kombaini zao, wakateremka hadi Texas, kisha wakapanda kaskazini wakivuna ngano za watu kadiri zinavyoiva, hadi Montana. Njia nzima wanalala kwenye matrela. Mume wa Verda, Delmar, ndiye aliyekuwa mkuu wa kundi, na Verda ndiye aliyelilisha. Mchana na jioni alipakia sufuria, meza na madebe ya maji kwenye pikapu, akaenda mpaka katikati ya shamba, akashusha lango la nyuma na kupakua papo hapo. Biroki zake, mikate iliyojazwa nyama na kabichi, zilifika za moto. Nimeona madereva wenye ndevu wakigombea ya mwisho.

Majira ya baridi yaliyopita Delmar alikufa. Kundi likamwangukia mdogo wake, Gaylon.

Gaylon si mtu mbaya. Ni mtu anayepiga hesabu, nami watu hao nawaheshimu. Alipiga hesabu akaona mpishi anakula mafuta, anakula nafasi ya trela, na barabarani baga hazikosekani. Kwenye chakula cha kanisani, mimi nikiwa na kipande cha pai mdomoni, akamwambia mbele ya meza nzima, "Shemeji, mwaka huu pumzika. Umetutumikia vya kutosha."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Sheria ya kundi unaijua. Anayelala kwenye trela anaivuta mwenyewe. Aliiweka mumeo, si mimi."

"Basi nitaivuta mwenyewe."

"Kwa hako kapikapu kafupi? Na vyombo vyako shambani utavifunika kwa kitu gani, shemeji? Kwa aproni?"

Watu wakacheka. Verda aliendelea kukata mkate.

"Jumamosi ya kuondoka," akasema. "Utaniona."

Kwa hiyo alikuja kwangu, na shida yake haikuwa ndogo. Njiani pikapu yake ingekuwa ng'ombe wa kuvuta: katikati ya bodi kuna sahani nzito ya chuma, na pini ya trela inaingia humo kutoka juu, huku pua ya trela ikining'inia karibu na dirisha la nyuma. Kifuniko kikiwa njiani mwa pini, trela haifungiki. Lakini wakishatua shambani, trela inaachwa kambini na pikapu inageuka kuwa jiko. Jiko lisilo na kifuniko, katikati ya vumbi la kombaini, linapika makapi. Alihitaji kitu kinachofunga na kufunguka kila siku, na afanye peke yake, maana hakuwa na mtu wa kumshikia upande wa pili.

Nikampeleka moja kwa moja kwenye kile nilichotaka kukiondoa: kifuniko cha alumini kinachojiviringisha ndani ya boksi nyuma ya kabini. Kizuri ajabu. Kilikuwa kinanitazama dukani tangu mwaka juzi.

Verda akapima kwa mpini wake. "Boksi hili linakaa ndani ya bodi?"

"Mbele kabisa. Halionekani."

"Pua ya trela italiona." Akapitisha kidole kwenye reli. "Na makapi yakiingia humu?"

"Unapuliza tu, Verda."

"Kwa mdomo wangu, Orlin? Kutoka Texas hadi Montana?"

Nikamhamishia kwenye cha pili, mabamba matatu magumu yanayokunjana kuelekea mbele. Hapo nikaapa. Nilisema kinafaa, tena nikasema maneno ambayo mfanyabiashara hapaswi kuyasema: "Kama hakifai, hasara yangu."

"Umesema?"

"Nimesema."

"Basi twende. Sinunui maneno."

Nilikuwa na trela kuukuu nyuma ya uwanja. Tukaibandika, tukayakunja mabamba mbele ya bodi, Verda akashika usukani. Kwenye uwanja tambarare mambo yakaenda sawa, nikaanza kutabasamu. Akaelekea mlangoni, palipo na tuta, huku akikata kona. Pikapu ikainua mgongo, pua ya trela ikashuka, tukasikia mlio kama kabati la vyombo linaloanguka.

Akashuka, akayaangalia mabamba. Mawili yalikuwa yamepinda kama jani kavu.

"Bado kinafaa?" akaniuliza.

Nilimtukana kimoyomoyo, kisha nikajitukana mimi. Kilichobaki ni turubai. Siyapendi maturubai: faida yake ndogo, na mwizi mwenye kisu hahitaji ufunguo. Lakini lile lilifungwa kwenye kingo za bodi kwa mikanda inayonatana na kubanduka, na mtu mmoja aliweza kuliviringisha hadi mbele, likawa gogo jembamba lisilofika pua ya trela hata kwenye tuta. Aliliviringisha, akalifungua, akaliviringisha tena. Akalimwagia ndoo ya maji, akachungulia chini.

"Nalichukua. Na wewe unalifunga leo, bila malipo ya ufundi."

"Verda, umeshanivunjia kifuniko kizima."

"Nani aliapa?"

Nikalifunga. Biashara ni biashara hata inapokuuma.

Jumamosi kundi lilipanga magari kwenye uwanja wa maghala, kama ilivyo desturi. Kwanza kifungua kinywa, kisha mchungaji anaomba. Akisema amina, injini zinawashwa, na ambaye hajafunga trela yake anaachwa. Hakuna anayesubiriwa, hata awe nani. Delmar aliwahi kumwacha Gaylon mwenyewe, akawafuata nyuma siku nzima.

Nilikuwepo. Siku ya kuondoka daima kuna anayegundua anakosa komeo au taa, nami huwa nazo garini.

Verda alifika akiwa amefunga kila kitu. Gaylon akamzunguka, mikono mifukoni, madereva nyuma yake.

"Nani kakufungia?"

"Mikono hii."

"Sikuiona. Fungua, ufunge tena, tuone sote."

"Wengine umewafungulisha?"

"Wengine nimewaona wakivuta, shemeji."

Wendell, dereva mkongwe wa kombaini, akanung'unika, "Gaylon, mwache mama," lakini hakunung'unika kwa sauti ya kutosha. Mchungaji alikuwa ameshavua kofia.

Verda akashusha miguu ya trela, akachomoa waya wa taa, akavuta mkono wa sahani kufungua taya zake. Vyote sawasawa. Akapanda garini akiwa amekasirika, macho yake kwa Gaylon kwenye kioo, akakanyaga mafuta.

Lango la nyuma lilikuwa juu.

Kila mvuta trela anaijua sauti ile. Pini ya trela imesimama, pikapu inaondoka chini yake, na lango ambalo ulipaswa kulishusha kwanza linakutana na chuma. Likakunjika katikati, likang'oka upande mmoja, likabaki linaning'inia.

Hata mchungaji alisita.

"Basi," Gaylon akasema, tena kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Basi, shemeji. Umejaribu. Rudi nyumbani."

Verda akashuka. Alikuwa amepauka, nikadhani atalia. Sikumjua vizuri.

"Nani hapa hajawahi kuvunja lango?" akauliza.

Akaanza kutembea kando ya msururu wa magari, akipiga kila lango kwa kiganja.

"Wendell. Gari jeupe, lango la bluu. Lilimea lenyewe?"

"Oklahoma, mama," Wendell akasema. "Kulikuwa na mvua."

"Na hili la kijani kwenye gari jeusi? Na hili lenye jina la kampuni nyingine kabisa?" Vijana wakaanza kuinamisha vichwa, wengine wanacheka. Akafika kwenye pikapu ya Gaylon, nyekundu tupu, mbele hadi nyuma, inang'aa. Akasimama hapo.

"Orlin," akaniita. "Lango hili lilitoka wapi?"

Macho yote yakanigeukia. Gaylon alikuwa mteja wangu mkubwa kuliko wote mjini. Miaka michache nyuma alinijia usiku, mlango wa nyuma, akanunua lango la rangi ya fedha, akanilipa nilipake nyekundu na akanilipa nifunge mdomo. Nami nililipwa. Mdomo uliolipiwa haufunguliwi.

"Verda," nikasema, "mimi sitoi siri za wateja."

Nilisema kweli tupu. Lakini Wendell alianza kucheka, akashika tumbo, akakaa kwenye gurudumu la trela, na kicheko kikaenda msururu mzima. Gaylon akawa mwekundu kama gari lake.

"Orlin!" akanguruma.

"Nimesema nini? Sijasema kitu!"

Verda hakucheka. Alisubiri wanyamaze. "Shemeji, mimi sina wa kunipakia rangi. Naomba kitu kimoja tu. Mchungaji aombe. Akisema amina sijafunga, mniache, sitasema neno."

Gaylon akawatazama watu wake. Walikuwa wanaangalia gogo la turubai nyuma ya kabini, na chini yake masanduku ya biroki yanayotoa mvuke.

"Haya," akasema. "Mchungaji, omba. Na usirefushe."

Mchungaji akafumba macho. Verda akayang'oa yale mabaki ya lango kwa spana yangu, akayatupa kwenye nyasi, akarudisha gari nyuma taratibu hadi taya za sahani zikalia kwenye pini. Akachomeka waya. Akavuta kidogo mbele, trela ikiwa imekaza breki, kuhakikisha imeshika. Akapandisha miguu. Akalikagua turubai, mkanda mmoja baada ya mwingine, kama mtu asiye na haraka. Mchungaji aliombea mvua, mashine, wagonjwa wa usharika mzima na nchi za mbali ambazo sijawahi kumsikia akizitaja. Kama alirefusha makusudi, hilo ni lake na Mungu wake.

"Amina," akasema, na injini ya Verda ikawaka kabla ya zote.

Aliondoka nyuma ya kombaini ya pili, mahali pake pa siku zote, bila lango, nyuma ya bodi wazi kama pengo la jino. Gaylon alipopita karibu yangu alishusha kioo. "Tutaonana mwezi wa tisa, Orlin."

"Karibu sana," nikamjibu. "Nina malango."

Alirudi kweli mwezi wa tisa, lakini Verda ndiye aliyefika kwanza. Turubai lilikuwa limepauka kwa jua, na kona moja imeshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Akanisimulia wameshamaliza, ngano ya Montana ilikuwa nzuri, Gaylon alikula biroki hadi mwisho na hakusema kitu. Kisha akataka lango.

Nilikuwa na moja tu la saizi yake, jekundu, limetoka kwenye pikapu ya zimamoto ya kijiji. "Niache siku mbili," nikasema. "Nitalipaka kijivu, lifanane na gari. Hakuna atakayejua."

"Lifunge hivyo hivyo."

"Jekundu? Watu wataliona kutoka barabarani, Verda."

"Ndiyo," akasema. "Na ile gharama ya rangi uitoe kwenye bei."