Vikuku vya mama vilivyowasha taa ya harusi Kabungu

Wakuu, salaam. Hii sikusimuliwa na mtu, waya niliushika kwa mikono yangu.

Miaka ya tisini, Kabungu. Dada yangu anaolewa, wakwe wanatoka Ugalla. Mimi fundi redio wa kijiji nilishatangaza kila kona kwamba harusi hii itawaka taa ya umeme!

Umeme wenyewe ni betri ya lori la mfanyabiashara mmoja wa Shanwe. Msianze kuniuliza kwa nini sikulisogeza. Kulikuwa na mfereji mbele ya nyumba, na mwenye lori alikataza kabisa betri isifunguliwe. Ilibidi nivute waya kutoka barabarani hadi uani.

Nikatumia waya wa kufungia nondo. Chuma chembamba, tena kina kutu.

Jioni wageni wameshakaa, nikaunga. Balbu ikawa nyekundu tu, kama kaa linalozimika.

Shangazi wa bwana harusi akapaza sauti: "Nyie, huo ni umeme au mkaa?"

Watu wakaangua kicheko. Dada akainamisha kichwa. Iliniuma sana.

Tatizo nililijua: chuma kinaubana umeme njiani, shaba inaupitisha. Ila shaba ningeitoa wapi saa ile?

Mama akavua vikuku vyake vyote, rundo zima.

Kwa sisi Wasukuma, vile ni waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye nywele za mkia wa ng'ombe. Baba alimtengenezea walipooana, kabla hawajahamia huku na mifugo.

"Fumua, mwanangu. Dada yako asichekwe."

Nikafumua, lakini waya ulikuwa mgumu, ukinyooshwa unakatika. Shaba ikikunjwa sana inakakamaa. Baba akauchoma kwenye moto wa pilau mpaka ukawa mwekundu, akautumbukiza majini. Wakuu, ukalainika kama uzi!

Tukaunga vipande, tukavipitisha juu ya miti, mistari miwili isigusane.

Taa ikawaka nyeupe, uani kote! Shangazi yule yule ndiye aliyeanza vigelegele. Nilitembea kifua mbele harusi nzima.

Asubuhi baba akauchoma tena waya ule, akamsukia mama vikuku upya mbele ya wakwe.

Somo: kabla hujasema huna kitu, angalia kwanza nyumbani kwenu.

Mafundi wenzangu, nyie mlishaokolewa na nini? Shusheni hapa.

Mama bado anavivaa, na maungio yangu yanaonekana. Nikitaka kumbadilishia waya anakataa: "Hivi ndivyo vilivyomwoza binti yangu."