Sweta Nyekundu Juu ya Skrini

Wiki hii nilipanga foleni kwenye ofisi ya bima katikati ya jiji. Ukutani wametundika skrini mpya inayochunga kompyuta zao zote, na sasa imeunganishwa hata na simu ya fundi. Kitu kikiharibika, taa yake kwenye skrini inageuka nyekundu na fundi anaitwa papo hapo. Asubuhi hiyo taa zote zilikuwa za kijani, na foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Mbele yangu, mama aliyetoka mtaa wa Kabiria bila hata kunywa chai alitaka kibali cha mumewe kupasuliwa. Karani alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena.

“Kompyuta imekataa kufunguka.”

“Basi ita fundi.”

“Fundi huja ikiwa red, mum. Si unaona iko green?”

Mama akaitazama skrini, akatutazama sisi. Akavua sweta yake nyekundu, akapanda kiti, akaifunika skrini nayo.

“Haya, sasa iko red. Muite.”

Bawabu akamwendea. Foleni nzima ikasogea, ikasimama katikati yao.

Karani akainua simu. Fundi alikuja.

Tangu hapo sitoki nyumbani bila sweta nyekundu, na si kwa sababu ya baridi.