Kibuyu Ndani ya Kioo

Kila ninaponusa nta ya kung'arisha sakafu, mkono wangu unatafuta mkono wa mama.

Ilinukia hivyo ile nyumba ya zamani ya rais, pale Bunia, ilipofanywa makumbusho baada ya bunduki kunyamaza. Nilikuwa mtoto, mama amenishika mkono. Ndani ya kabati la kioo, kati ya ngoma na mikuki, niliona kibuyu cha maziwa. Ufa wake ulishonwa kwa uzi mwekundu wa gunia la vitunguu. Bibi yangu ndiye aliyeshona hivyo, na kibuyu chake kilibaki kijijini siku tuliyokimbia watu waliouliza kijiji chako kabla ya kuua.

Bwana mwenye tai alitusogelea, akafungua daftari. Tabasamu lake sikulipenda.

“Mama, hii kitu unaijua? Kama unaijua, uandike hapa jina na kijiji yako.”

Mama alitazama daftari, halafu askari mlangoni.

“Hapana, papa. Siye hatuijue. Kwetu ni hapa tu, Bunia.”

Vidole vyake viliniminya mpaka nikameza maneno yangu.

Jana, katika ofisi iliyonukia nta, karani aliniuliza kijiji chetu, kwa tabasamu lile lile. Nilitazama daftari lake, halafu mlango.

“Kwetu ni hapa tu,” nikajibu. “Bunia.”