Nati ya Betri Mbele ya Mama Mkwe

Mtaani wananiita Injinia. Msinionee wivu. Jina hilo nililipata siku nilipomtengenezea jirani feni yake, nikaifunga vizuri kabisa, na tulipoiwasha ikapuliza kwa nyuma. Kazi yangu hasa ni ushonaji. Suruali nazijua, koti nalijua, pindo lililokaa upande naligundua kwa kupapasa tu. Lakini nikiona spana, sijui shetani gani hunipanda.

Asubuhi hiyo nilikuwa na kazi moja tu hapa duniani: kumfikisha mama mkwe hospitali. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, haoni ila vivuli, na zamu yake ya kupasuliwa tuliingojea mpaka tukaanza kuiona kama hadithi. Daktari wa macho hufika pale mara chache. Jina lako likiitwa na hupo, unarudi mwisho wa foleni, na foleni yenyewe haina mwisho. Mke wangu alitangulia alfajiri kumshikia mama yake nafasi. Akiwa mlangoni aliniambia, "Baba watoto, chukueni teksi." Nikacheka. Teksi ya nini, na gari langu liko uani?

Gari halikuwaka. Lilisema "tk" moja, likanyamaza. Nikafungua boneti kwa madaha, kama mtu anayejua anachokitafuta. Mama mkwe nilikuwa nimemwekea kiti karibu na gurudumu la mbele, akae kivulini. Alikaa na mkoba wake mapajani, miguu ameibana pamoja.

"Ni kitu kidogo tu, Mama," nikamwambia. "Waya wa betri umelegea."

"Haya, mwanangu," akajibu.

Kweli ulikuwa umelegea, tena umeota unga mweupe. Mwenye akili angeukaza akaondoka zake. Mimi nikaamua kuufungua, niusafishe, niusugue kwa brashi mpaka ung'are, kwa sababu mkwe yupo. Haoni, najua haoni, lakini nilitaka asikie kwamba binti yake kaolewa na mwanamume wa maana. Nikaifungua nati, nikaishika kwa vidole viwili, vidole hivi hivi vinavyotunga uzi kwenye sindano bila taa. Ikaniponyoka. Ting! Ikagonga chuma. Tiki! Ikagonga kitu kingine huko chini. Kisha kimya.

"Kuna kitu kimeanguka?" akauliza Mama.

"Hapana, Mama. Napima tu vyuma."

Uongo gani huo, jamani? Nani hupima vyuma?

Nikauchomeka mkono kati ya betri na redieta. Kuingia uliingia, kutoka ukagoma, na ulipotoka uliiacha ngozi ya vifundo vya vidole huko huko. Nikakimbilia dukani kwangu nikachukua sumaku ninayookotea pini sakafuni, nikaifunga kamba, nikaiteremsha taratibu. Nilikuwa najisifu moyoni. Sumaku ikanasa kwenye chuma cha kwanza ilichokutana nacho, nikavuta, kamba ikakatika. Sasa nikawa natafuta vitu viwili. Nikajaribu kuubana waya ule kwa mpira wa kiunoni, ule wa suruali za watoto. Gari likasema "tk" kwa dharau zaidi.

Ikabidi nilale chini. Nilikuwa nimevaa shati jeupe nililolishona mwenyewe kwa safari ile, na mtu havui shati mbele ya mkwe wake. Wala hatukani. Tusi lilinifika kwenye meno, nikalimeza na mate yake. Nikajiburuta chini ya gari na shati langu, nikapapasa udongo wote, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Pakabaki mahali pamoja tu: chini ya viatu vya Mama. Wazo lilinijia, nikalifukuza. Utamwambiaje mama mkwe anyanyue mguu? Uanze vipi? Nikapapasa kulia kwa viatu, nikapapasa kushoto, nikaviacha kwa heshima zote.

Simu ikalia. Mke wangu.

"Mmefika wapi?"

"Tuko njiani."

"Njia gani hiyo yenye kuku?"

Naye hakupiga kelele, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Alisema polepole, "Wameanza kuita majina. Mama akikosa macho kwa ajili ya ubishi wako, sijui nitakutazamaje." Akakata.

Nilichuchumaa mbele ya mama mkwe, nimejaa grisi mpaka masikioni. "Mama, nisamehe. Nilidondosha nati nikakudanganya. Nimeshindwa. Naita teksi sasa hivi."

Mama akanyanyua mguu wa kushoto. Nati ilikuwa pale, imezama nusu kwenye udongo.

"Ilikuja yenyewe," akasema. "Niliisikia inabingirika, nikaikanyaga."

"Mama! Muda wote huu?"

"Naogopa, mwanangu." Aliukumbatia mkoba wake. "Wanaingiza kisu jichoni na wewe unawasikia wanaongea. Nikasema gari lisipowaka, basi, si mimi niliyekataa. Halafu nikakusikia unavyohema huko chini, nikaona nakuonea. Lakini na wewe, ulishindwa nini kuniambia ninyanyue mguu?"

"Ningekuambiaje, Mama?"

"Na mimi ningekuambiaje naogopa? Si mkwe wangu wewe?"

Tulicheka wote wawili, yeye machozi yakimtoka. Nikamwambia hata mimi naogopa, na kwamba nitasimama mlangoni mwa chumba kile mpaka atoke. Nikafunga nati, gari likawaka. Tulifika jina lake likiitwa mara ya pili, na mke wangu akamkamata mkono akaingia naye mbio. Mimi hakunitazama.

Kesho yake wakamfungua bandeji ya jicho walilolipasua kwanza. Mama alikuwa amepofuka kabla sijaenda kuposa kwake. Alinijua kwa sauti tu. Alimtazama binti yake kwanza, akalia. Kisha akanigeukia. Nikakaza shingo, nikaweka sura ya mtu wa kubarikiwa.

"Huyu?" akamuuliza mke wangu.

"Ndiye huyo, Mama."

"Kwa sauti ile? Mimi nilidhani jitu la miraba minne!"

Akacheka mpaka muuguzi akamkanya asilichokoze jicho. Lakini hakuacha kunitazama. Nikienda dirishani, jicho liko nami. Nikirudi, liko nami. Mwishowe akapiga kitanda kwa kiganja, niketi karibu yake. Nikaketi, nikanyoosha mgongo, nikamwacha anitazame mpaka ashibe.