Sahihi za Saa Zijazo

Wakili huyu hakai. Miaka kumi na sita ametetea haki za binadamu, na kiti cha ofisi yake kimechakaa mgongoni tu, pale anapotundika koti. Majalada huyasoma akitembea, dirishani hadi mlangoni. Mkewe humwambia, "Baba watoto, jeshini ulishatoka. Kaa ule."

Kabla ya sheria alikuwa koplo kwa miaka tisa, mlinzi wa mahabusu ya kambi. Akaacha, akasoma, akavaa joho. Watu humsifu kwa hilo. Mimi sifa hizo huzipokea kwa tahadhari, maana joho hufunika mengi.

Mwaka jana alichukua kesi ya mama mmoja, mshonaji, ambaye mwanawe, askari kijana, alifia mahabusu. Jeshi lilileta kitabu cha zamu: kila saa, sahihi ya sajini aliyekuwa zamu usiku huo na maneno "wote salama". Mama alitaka jambo moja tu, mahakama itamke kwamba mwanawe hakuangaliwa.

Wakili akakifungua kitabu. Sahihi kumi na mbili, wino mmoja, mkono uleule usiochoka. Zilitiwa zote kwa mkupuo zamu ilipoanza, ili mlinzi apumzike. Alilijua hilo kwa sababu naye ndivyo alivyokuwa akifanya.

Mahakamani akamwuliza sajini, "Hizi uliziandika saa ngapi?"

"Kila moja kwa saa yake, koplo," sajini akajibu, akitabasamu. "Au nyie mlikuwa mnaandikaje? Hebu tufundishe."

Watu wakacheka. Wakili akapiga hatua mbili, akarudi. Asiposema, kesi inakufa. Akisema, anakuwa shahidi, na shahidi hawezi kuendesha kesi hiyohiyo. Jina lake nalo litachafuka.

Wakati wa mapumziko alimweleza mama kila kitu, akizunguka mbele ya benchi alilokalia.

"Simama basi, mwanangu, unanitia kizunguzungu," mama alisema. "Kwenye zamu zako, kuna aliyekufa?"

"Nikiwa zamu, hapana. Waliougua sijui. Sikuwa naangalia."

"Kawaambie hivyohivyo."

Akamkabidhi wakili mwenzake jalada, akavua joho, akapanda kizimbani. Alieleza yote, na sajini aliporudishwa kuhojiwa na kuonyeshwa wino ule mmoja, alikiri kwamba alizitia zote kwa mkupuo.

Mahakama ilitamka alichotaka mama. Wakili, kwa upande wake, ameiandikia kambi yake ya zamani akiomba vitabu vya zamu zake mwenyewe, na majina ya waliougua. Barua tatu sasa, bila jibu. Anaandika ya nne.