Siku Niliyogoma Kupanda Pikapu ya Baba Mdogo

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, shule yetu ilianza kufundisha udereva bila gari. Kila Ijumaa baada ya vipindi alikuja askari wa trafiki. Tulipanga madawati mbele ya darasa, mmoja akashika ringi ya baiskeli ndiyo usukani, mwingine akashika mpini wa fagio ndiyo gia, na waliobaki wakakaa nyuma kama abiria. Mimi nilikuwa abiria kila wiki. Abiria hatakiwi kusema kitu, na mimi sisemi kitu hata nikikanyagwa.

Siku hizi Mwanza kila aliyepata bahati kwenye sangara au dagaa ananunua gari lililokwisha kuchoka huko Japani. Magari yamekuwa mengi kuliko madereva, na baa zimekuwa nyingi kuliko magari. Ndiyo maana, alisema afande, ametumwa kwetu sisi vijana.

“Kuendesha mtaendesha kesho,” alisema Ijumaa moja. “Leo nyinyi ni abiria. Na abiria ana mdomo.”

Akaandika ubaoni maneno ya kumwambia dereva aliyelewa: Umekunywa. Sipandi. Lete ufunguo. Tukayasoma kwa pamoja kama sala. Kisha akamwita kaka mmoja wa kidato cha nne awe mlevi, na huyo kaka aliyumba vizuri mpaka tukaanza kujiuliza kajifunzia wapi.

Wa kwanza kumkabili mlevi alikuwa rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Akaenda mbele, akapiga magoti. Kwetu Usukumani msichana akimsalimia mkubwa anapiga magoti, wala si jambo la kufikiria, magoti yanajikunja yenyewe.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Hujambo?”

“Sijambo. Za tangu asubuhi?”

“Nzuri. Nyumbani hawajambo?”

“Hawajambo, wanakusalimia. Samahani kaka, nilikuwa naomba, kama hutajali...”

Afande akapuliza filimbi. “Wewe binti! Unaomba ufunguo au unaomba uchumba? Huyu ameshawasha gari, ameshagonga watu Mkuyuni, wewe bado unapokea salamu!”

Halafu akanyoosha kidole kwangu. Nilikwenda, nikapiga magoti, lakini mimi hata shikamoo haikutoka. Mlevi alinisubiri. Kwa huruma akaacha kuyumba, akaninong’oneza, “Sema umekunywa.” Nikafungua mdomo, ukaingia upepo tu. Afande akatazama saa.

“Dereva huyu sasa yuko Shinyanga,” akasema. “Kaa chini.”

Darasa zima lilicheka. Na mimi nilicheka, ingawa mimi dereva mlevi wa kweli nilikuwa naye nyumbani.

Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa amenunua pikapu ambayo mlangoni bado ina maandishi ya Kijapani. Alikataa yasipakwe rangi. Ukimuuliza yanasema nini, anajibu, “Yanasema gari ni la mzee.” Pikapu hiyo ndiyo iliyotupeleka hospitali, misibani na harusini, kwa hiyo hakuna mtu pale Mabatini aliyemwambia neno kuhusu pombe. Yeye mwenyewe alikuwa na maelezo yake: “Mimi nikinywa ndiyo naendesha vizuri, maana nakuwa mwoga.” Ukoo mzima uliyapokea kama sayansi. Lakini mara ya mwisho tulipotoka naye kwenye sherehe tulipita katikati ya kundi la ng’ombe, na yeye hakuliona. Wadogo zangu wawili, waliokuwa wamesimama nyuma wakishikilia bodi, walilisimulia tukio hilo wiki nzima kwa furaha. Mimi nililiota.

Jumapili iliyofuata baada ya somo lile tulikwenda Usagara, mtoto wa ndugu yetu alikuwa amepata kipaimara. Baba alikuwa safarini Bukoba. Baba mdogo alipewa meza ya mbele kama mwenye gari, na alifanya wanavyofanya wanaume wa heshima: kila bia ikiisha, chupa haitolewi mezani, inabaki ili watu waone. Mimi niliona. Kufika saa tisa alikuwa anazungumza na mimi kupitia katikati ya chupa kama mtu aliye nyuma ya uzio.

“Twendeni!” akasema. “Mvua inakuja.”

Mvua haikuwapo. Mama akapanda nyuma, bibi akasukumwa juu, shangazi akafuata na sufuria la pilau, wadogo zangu wakakimbilia mahali pao pa kusimama. Nikayatafuta yale maneno ya ubaoni. Yalikuwapo yote, kwa mwandiko wa afande kabisa, ila hayakutoka. Basi nikakaa chini, juu ya jiwe kando ya barabara.

“Panda,” alisema mama.

Kimya.

“Mtoto huyu! Unaumwa?”

Nikatikisa kichwa. Shangazi akashuka, akanishika paji la uso. “Ana homa huyu.”

“Hiyo si homa,” bibi alisema kutoka juu. “Amekula nyama kwa watu, jicho baya limempata. Mwangalieni macho.”

Wakaniangalia macho. Majirani waliokuwa wanatusindikiza nao wakaja kuniangalia. Mwanamke mmoja nisiyemjua akasema mtoto wa dada yake alianza hivihivi. Mama akashuka. Bibi akataka ashushwe, akashushwa. Shangazi akainama, akanitazama tumbo kwa muda, kisha akaniuliza sikioni, lakini kwa sauti waliyoisikia mpaka njia panda: “Una mimba?”

“Hapana!” nilipiga kelele.

“Kumbe anaongea,” alisema bibi.

Hapo honi ya pikapu ikalia. Ililia, ikaendelea kulia, mbuzi wakakimbia. Shangazi akaenda mlangoni amekasirika. “Watu wanasikia! Tunakuja!” Halafu akachungulia ndani. Baba mdogo alikuwa amelaza kifua juu ya usukani, mdomo wazi, anakoroma. Shangazi akamsukuma nyuma kwenye kiti, honi ikakatika, akachomoa ufunguo na kuufunga kwenye pindo la khanga.

Ndipo sauti yangu ikatoka, nadhani ilikuwa imeshapata njia kwa lile hapana.

“Amekunywa. Sipandi.”

Watu wote wakanigeukia. Bibi akashusha pumzi. “Ndiyo hilo tu? Nimeshushwa kama gunia kwa hilo? Ungesema mapema!”

Mama alikwenda nyuma ya gari, akawashusha wadogo zangu mmoja mmoja, akawakung’uta vumbi kwa nguvu kuliko vumbi lenyewe lilivyostahili. Tukalala Usagara, kwenye mikeka ya wenyeji.

Asubuhi baba mdogo alikuwa amenawa uso na hamtazami mtu. Shangazi alimrudishia ufunguo. Akawasha, kisha akaniita.

“Mama, njoo ukae mbele.”

Nikakaa. Tukaenda mpaka tukapita Buhongwa.

“Shangazi yako amenieleza,” alisema mwisho. “Wale watoto wako nyuma hapo?”

“Wapo.”

“Wameshika vizuri?”

“Wameshika.”

Tulipofika kwenye mteremko wa kuelekea Butimba akanitazama kwa pembeni. “Nipunguze?”

“Punguza,” nilisema.

Akapunguza. Akaendelea kupunguza. Baiskeli yenye madebe ya maziwa ikatupita, mwenyewe akigeuka kutushangaa. Nyuma bibi akaanza kugonga bati kwa fimbo yake: sasa ndiyo tutafika lini?

“Msinigongee mimi,” baba mdogo alipaza sauti dirishani. “Muulizeni huyu!”

Wote wakasubiri jibu langu. Mimi nilikuwa naangalia barabara.