Nilichora nywele kichwani kwa SMP, siku ya kunyolewa msibani wembe ukaniumbua

Wakuu, shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine wote salama.

Naandika nikiwa Rahaleo, Mtwara mjini. Haya yamenipata mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Nitaweka hata sehemu zinazonivua nguo, maana nikizitoa hizo uzi wote unabaki tangazo la saluni.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, nafanya kazi ofisini kwenye ghala moja la korosho. Nywele zilianza kuniaga nikiwa na ishirini na sita. Zikaanza pembeni mwa paji, zikaja utosini, mwisho pande mbili zikakutana pakawa uwanja.

Nimepaka kila kitu jamani. Mafuta ya nyonyo, maji ya kitunguu, dawa za kupuliza. Kitunguu kilinipa harufu tu, nywele hola.

Utani niliuzoea. Kazini waliniita Sola. Na huku mpakani kuna ule utani kwamba kichwa cha kipara kina dhahabu ndani na kuna watu wanavitafuta, mnaoujua mnaujua, mtu unacheka huku unaangalia nyuma.

Kilichonimaliza ni harusi ya kaka yangu. MC kaomba mzee wa upande wa bwana harusi anyanyuke awasalimie wageni, mkono wake ukaninyookea mimi, niliyekuwa nimevua kofia kwa heshima. Bwana harusi kanizidi miaka sita! Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikacheka, lakini niliporudi nyumbani nilikaa mbele ya kioo nikajionea huruma kwelikweli.

Ndipo nikaanza kusoma habari za scalp micropigmentation, SMP.

Kwa wasioijua: hawakupandikizi nywele. Wanakudunga kwa sindano ndogo mno, wino unaingia kwenye ngozi ya kichwa kwa vidoti vingi sana. Ukiangaliwa unaonekana kama mtu mwenye nywele zake zote aliyenyoa juzi. Ukipapasa hakuna kitu, ni ngozi tupu.

Nilifanyia Dar, session tatu, zimepishana wiki kadhaa. Inauma kama siafu waliokuja na ndugu zao, lakini unavumilia. Bei msiniulize hapa.

Niseme haki ya Mungu, kazi ilikuwa safi. Baada ya session ya pili nilitembea Shangani, ufukweni hapa Mtwara, jioni kichwa wazi, upepo wa bahari unanipiga, nikajisikia mtu. Nilikuwa sijatoka bila kofia miaka minne.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu.

Sikumwambia mtu kwamba ni wino. Niliona haya. Mwanaume wa Kimakonde kwenda kuchorwa nywele, nitaeleza nini? Walioniuliza nikawaambia nimepata dawa Dar, imekubali.

Mdogo wangu wa kike, Somoe, alikuja mjini, akaniona, akashangilia mpaka akanikumbatia. Akapeleka habari kijijini kwamba kaka kaota nywele. Kijiji chetu kiko upande wa Kilambo, karibu na mto, na Somoe ndiye aliyekuwa anaishi na baba huko. Baba alikuwa anaumwa kifua siku nyingi, leo ana nafuu, kesho hali chakula.

Session ya tatu niliifanya Jumamosi. Jumapili nikarudi Mtwara. Masharti ni yaleyale: siku saba usiloweshe kichwa, usitoke jasho, usipigwe na jua. Kichwa kinakuwa chekundu na vigaga vidogovidogo, ukikiona hivi unajua kabisa kuna jambo limefanyika.

Jumanne Somoe akapiga simu. "Kaka, baba anakuuliza. Njoo."

Wakuu, nilipiga hesabu ya kijinga ambayo sitaisahau. Bodaboda mpaka kijijini, jua, vumbi, jasho ndani ya helmeti. Wino utatoka madoa. Halafu nikifika wote wataona vigaga, siri kwisha.

Nikamjibu nipo Dar kwenye semina ya kazi, nitafika Jumamosi.

Semina gani? Nilikuwa nimejifungia Rahaleo, feni inazunguka, nimekaa kama mwali.

Jumatano akapiga tena. Alhamisi akapiga tena. Kila siku nikasema semina haijaisha. Nilijiambia mzee ameshawahi kuzidiwa hivi mara nyingi na akaamka akadai ugali. Nilikuwa naamini hivyo, siwadanganyi, lakini niliamini kwa sababu ilinifaa kuamini.

Ijumaa asubuhi baba akafariki.

Nilifika kwa ile ile bodaboda niliyoikwepa, jua lile lile, na kofia kichwani. Tukamzika alasiri. Sikulia vizuri, nilikuwa kama mtu aliyekunywa dawa ya usingizi.

Kuna jambo la ukoo wetu lazima niwaeleze. Siku ya tatu, siku ya kuanua matanga, watoto wa kiume wa marehemu wananyolewa kichwa chote na shangazi yao, mbele ya ndugu. Ni wembe na maji, mashine hapana. Wengine wanasema dini haitaki, sisi tumekuta inafanyika na tunaifanya. Na wazee wetu wana imani kwamba mtoto ambaye kichwa chake hakinyoleki, marehemu kaondoka na neno juu yake. Huyo hakai kwenye mkeka wa dua na wenzake mpaka yaishe.

Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilikumbuka nilipoona mkeka umetandikwa uani na beseni la maji.

Kaka akatangulia. Kichwa chake kikatoka kinang'aa kama chungu kipya.

Nikaja mimi. Nikavua kofia.

Shangazi yetu ni dada wa baba aliyebaki peke yake. Alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa binti, usoni ana nembo za Kimakonde, zile chale za urembo, kuanzia paji mpaka kidevuni. Macho yake yamechoka, ila mkono bado mwepesi. Akanilowesha, akaanza.

Akanyoa pembeni zikatoka zile chache nilizobarikiwa. Akanyoa juu. Akafuta kwa kitambaa, akainamisha uso kutazama.

Bado peusi.

Akalowesha tena, akarudia. Bado peusi. Akapapasa kwa kiganja, akashangaa. Kiganja kinamwambia pamekwisha, macho yanamwambia nywele ziko palepale. "Nnungu wangu," akasema, akabadilisha wembe.

Mara ya tatu ngozi ikakubali kuchanika. Ilikuwa bado changa, haina hata siku kumi. Nikasikia damu inashuka nyuma ya sikio.

Hapo watu wakaanza kunong'ona. Waliokaa mbali walikuwa wanaona kichwa chenye nywele ambazo wembe hauzitaki. Baba mdogo akasimama, hakuficha sauti: "Kichwa kinakataa. Kaka yangu kaondoka na neno na huyu."

Mama mmoja akaitikia, "Si alimwita, hakuja."

Wakuu, ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na njia, ningesema ni dawa ya nywele ina nguvu sana, wangefanya dua yao, tungeendelea. Lakini shangazi alikuwa ananyoa mara ya nne huku analia. Analia kwa ajili yangu! Anamwomba marehemu kwa Kimakonde amsamehe mtoto wake.

Nikamshika mkono. Nikasema, "Shangazi, acha. Hizi si nywele. Ni wino. Nilichanjwa Dar."

"Wino wa nini?" baba mdogo akauliza.

"Wa kuficha kipara."

Kuna mtu nyuma alicheka, akajizuia. Na mimi ningecheka ningekuwa yeye. Lakini Somoe hakucheka. Alikuwa ameshika lile beseni. Akanitazama, nikamwona anahesabu siku.

"Kwa hiyo ile semina?"

"Hapakuwa na semina."

"Ulikuwa wapi?"

"Rahaleo. Nilikuwa nasubiri kichwa kipone."

Akaweka beseni chini taratibu, akaingia ndani. Afadhali angenitukana.

Shangazi akaniinamisha kichwa tena, safari hii anatazama kwa karibu, anagusa vidoti kwa ncha ya kidole. Akagusa na paji lake mwenyewe. Akasema, "Mimi walinichanja kwa masizi ili watu wanione. Wewe umechanjwa ili wasikuone." Hakusema kwa ubaya. Akachukua kitambaa akanifuta damu, akawatangazia, "Huyu amenyolewa. Mtengeeni nafasi mkekani."

Nikakaa kwenye dua. Baba mdogo hakunipa mkono mpaka tunatawanyika.

Mchana nilimfuata Somoe jikoni. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Nikamwambia nisamehe. Akaendelea kuchambua. Nikamuuliza lile ambalo lilikuwa linanikaba tangu Ijumaa: baba alikuwa ananiitia nini? Kulikuwa na wosia? Kuna jambo alitaka kuniambia?

Akasema, "Hakutaka kitu. Alitaka akuone tu. Kila mlango ukilia anauliza, 'Ndiye huyo, mwenye kichwa changu?'"

Wakuu, baba alikuwa na kipara tangu ujana. Kwenye watoto wake wote ni mimi peke yangu niliyekichukua. Sikujua kama anakitaja hivyo. Sikujua kama kwake lilikuwa jambo la kujivunia.

Nilikaa chini pale pale kwenye majivu, nikalia kama mtoto. Somoe aliacha mchele, akanishika bega. Hakusema amenisamehe, na mpaka leo hajasema, ila alinishika.

Mtauliza, je, SMP ni mbaya? Hapana. Mwenye kuitaka aifanye, aangalie fundi mwenye usafi, sindano mpya, afuate masharti. Inampa mtu raha yake, mimi ni shahidi. Wale wa hoja za chale na dini najua mnakuja, karibuni, nitasoma bila kujibu.

Ila msifanye kwa siri. Siri ndiyo iliyonifungia ndani, kichwa kilikuwa kisingizio. Ningemwambia Somoe Jumanne ile, "Nimechorwa kichwa, kina vigaga, mtanicheka," angenijibu njoo hivyo hivyo. Wangenicheka siku moja. Baba naye angecheka kwa kikohozi chake, na angekuwa ameniona.

Nimeulizia kuufuta huu wino kwa laser. Inawezekana, taratibu. Sijaamua. Nikijitazama kioo naona kazi nzuri ya fundi, na kwa kweli naona pia sura ambayo mzee asingeitambua mlango ukilia.

Nilichojifunza ni kimoja: mtu wako akikuita, nenda ulivyo. Na vigaga vyako, na aibu yako, nenda.

Walioifanya SMP karibuni mtupe uzoefu wenu, wanaotaka kuuliza waulize. Na kama kuna aliyewahi kuitwa na mzazi akasema kesho, naye aandike. Huyo ndiye ninayetaka kumsikia zaidi.